Fungu la Bakoki

Kwanza, kupitia Kitale
14 Januari 2002

Kwako Khisa, bakoki wangu,

Salamu kutoka hapa Kwanza. Mahindi tumeshapukuchua, na Nakhungu wangu bado ananigombeza kila asubuhi, kwa hivyo ujue nyumba iko sawa.

Ninaandika juu ya ile siku tulimzika Masinde kule Kimilili. Nilikuja na uchungu wa kuzika mtu nikarudi na swali. Wewe uliteremka barabarani ukapanda kile kilima mpaka bomani kwa Masinde bila kusimama, koti mkononi. Mimi nilipumzika mara nne. Na si ni wewe nilikuona Krismasi ya mwaka juzi umekauka, suruali umeifunga kwa kamba, unakimbia chooni kila saa, hata gazeti huoni maandishi? Nilimwambia Nakhungu wakati ule, huyu ndiye atatutangulia. Sasa aliyetangulia ni Masinde, na wewe mashavu yamerudi na uliimba mpaka mwisho.

Tulikuwa bakoki kumi na mmoja, tuliotahiriwa pamoja mwaka ule wa 1946. Tulitoka mtoni pamoja na matope mwilini, tukakatwa kwa kisu kimoja. Tumebaki wanne tu, wewe na mimi, Wanjala wa Endebess, na Sifuna.

Mimi siogopi kufa, Khisa. Ninaogopa kulala kitandani. Vijana wangu wako Nairobi, waliobaki hapa ni wake zao. Nakhungu mgongo wake umekwisha, hawezi kuninyanyua. Sasa nikianguka nani atanigeuza? Wakamwana. Watu ambao mimi nikiingia jikoni wao wanatoka kwa heshima, watu ambao hata kiti nilichokalia hawakalii, ndio wanivue nguo na waniogeshe? Afadhali nianguke shambani mara moja na jembe mkononi.

Kwa hivyo niambie unakula nini. Usinifiche.

Ni mimi,
Lusweti


Bungoma
23 Januari 2002

Bwana Lusweti, bakoki,

Barua yako nimeipokea. Ulivyosema juu ya wakamwana nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa maana hata mimi nina umri uleule.

Siri hakuna. Ninatembea. Kila asubuhi, kabla sijaweka kitu tumboni, ninatoka nyumbani hadi njia ya reli na kurudi, karibu saa nzima. Sukari nimeiondoa kwenye chai kabisa. Ugali ninakula wa wimbi, kidogo, na mboga nyingi, mrenda na kunde, si ile milima ya ugali mweupe tuliyokuwa tunamaliza kiwandani Webuye. Pombe ya busaa nimeacha. Nalala mapema. Ngazi za kanisani ninapanda na kushuka mara mbili hata kama hakuna kitu nimesahau juu. Mwili wa mzee ukikaa unaganda, ndivyo walivyotuambia.

Habari nyingine, na hii uiweke chini ya mkeka. Kuna mjane wa hapa kanisani anaitwa Sally. Tunazungumza. Alimuuguza mume wake wa kwanza miaka sita mpaka akamzika, na kaka zake wameapa hataolewa tena na mtu wa kuuguzwa. Wananitazama ninavyotembea. Kwa hivyo unaona kwa nini ninapanda ngazi.

Wasalimie wote.

Khisa


Kwanza
4 Februari 2002

Khisa,

Nimetembea wiki nzima. Watu wa hapa wananiuliza kama ng'ombe wangu amepotea. Nikisema ninatembea tu, wanaangaliana. Chai bila sukari nimekunywa, na Nakhungu ameuliza kama tumefilisika. Na bado jana kubeba debe moja la maji kutoka kisimani kumenilaza mchana mzima.

Kwa hivyo umenidanganya, bana. Wanjala alipita hapa Alhamisi. Anasema siku ile kwa Masinde, kabla ya chakula, alikuona nyuma ya ghala. Ulitoa karatasi mfukoni, ukabonyeza kitu cheupe, ukameza bila maji, ukaangalia huku na huku. Wanjala haoni mbali lakini hiyo aliiona.

Tangu lini bakoki anakula kwa kujificha? Umesahau siku ya harusi yako, Masinde alivyoingiza vidole akatoa nyama katikati ya meno yako akala, na baba yako mwenyewe akasema ni haki yake? Kitu kikiwa mdomoni mwako, nusu ni yangu. Hiyo si mimi nimeitunga, tuliikuta. Kama umepata dawa ya kurudisha mwili, na unaimeza peke yako huku sisi tunakwisha mmoja mmoja, basi sema wazi kwamba ulikatwa na watu wengine.

Nangoja fungu langu.

Lusweti


Bungoma
11 Februari 2002

Joan mwanangu,

Natumaini shule imefunguliwa vizuri hapo Webuye na watoto wa darasa lako hawakusumbui.

Nakuomba mwezi huu unitafutie tembe zangu za sukari mara mbili. Pakiti moja iliangukia kwenye beseni la maji ikaharibika. Zilezile ndogo nyeupe za kumeza kabla ya chakula.

Na lile jambo letu, naomba liendelee kubaki letu. Najua unaona ni ujinga. Wewe ni mtoto wa juzi, hujui watu wanasema nini juu ya mwanamume mwenye ugonjwa wa sukari, kwamba amekwisha kitandani na bado mguu utakatwa. Kaka za Sally wakisikia, mambo yameisha. Na Lusweti akijua Jumatatu, Jumanne soko zima la Kwanza limejua, na siku ya Jumatano nitaimbiwa. Ni haki yake kunitania, ndiyo maana namwogopa.

Baba yako,
Khisa


Bungoma
20 Februari 2002

Lusweti,

Umenishinda. Ndani ya bahasha hii kuna tembe thelathini nimezifunga kwenye kitambaa. Ni dawa ya kurudisha nguvu kwa watu wa umri wetu. Meza moja asubuhi kabla ya kula. Endelea na kutembea na usirudie sukari, maana dawa hii na sukari havipatani.

Lakini nina sharti. Usimwambie mtu yeyote, hata Nakhungu, hata daktari. Dawa hii haipatikani ovyo, na nikijulikana nitakatiwa. Nimekupa kwa sababu wewe ni bakoki. Tulikatwa siku moja na damu yetu ilimwagika mahali pamoja. Kilichofaa mwili wangu hakiwezi kuudhuru wako.

Khisa


Kwanza
12 Machi 2002

Bakoki wa kweli,

Ningekuwa karibu ningekubeba mgongoni.

Dawa inafanya kazi. Siku ya tatu nilianza kuisikia. Nikimeza, nikatembea mpaka kwenye mabomba ya maji na kurudi, ikifika saa nne hivi mwili wote unaamka. Jasho linatoka mpaka shati linashika mgongo. Moyo unapiga mbio kama wakati wa ujana tukifukuzana na wasichana wa Chwele. Na njaa, bana. Mimi niliyekuwa ninapiga vijiko vitatu sasa nasafisha sahani na ninaangalia ya Nakhungu. Ananiuliza njaa hii imetoka wapi na umri huu, ninamwambia ni upepo wa mlima.

Mikono inatetemeka kidogo kabla ya chakula, nadhani ni nguvu inatafuta mahali pa kutokea. Juzi nililima kutoka asubuhi mpaka nikasahau nimefika mstari gani, nikaanza kulima nilipokwisha lima. Wakamwana walicheka wakiwa mbali. Wacheke tu, walicheka nikiwa wima.

Tembe zimebaki kumi na nne. Leta zingine kabla ya mvua. Mwaka huu nataka kupanda ekari zote kwa mkono wangu.

Lusweti


Bungoma
21 Machi 2002

Bakoki,

Nimefurahi sana. Nakutumia sitini, zikutoshe mpaka mavuno ya maharagwe.

Hilo jasho usiliogope. Hata mimi hunitoka siku nyingine, ni uchafu wa miaka unatoka mwilini. Njaa nayo ishinde. Ukila kila inapokuita utaharibu kazi ya dawa na utarudi kuwa na tumbo. Kunywa maji, tembea kidogo, itapita yenyewe. Nami ndivyo nilivyoambiwa nisile ovyo.

Mambo ya Sally yanaendelea vizuri. Kaka yake mkubwa amekubali tuonane baada ya Pasaka. Nimenunua viatu.

Khisa


Kwanza
9 Aprili 2002

Mulamwa Khisa,

Ni mimi shemeji yako Nakhungu ninaandika. Mwandiko wangu ni wa shule ya watu wazima, utanivumilia.

Rafiki yako si mzima. Ijumaa tulimkuta amekaa katikati ya shamba amelowa jasho, baridi kama samaki, anaongea na Masinde. Mimi alinitazama akaniuliza mama yake ameenda wapi. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani mpaka Kitale, kwa kliniki moja ya daktari wa mtaani. Wakamtundikia chupa ya maji mkononi, na chupa haijafika nusu akafungua macho, akauliza nani amelipa. Daktari akasema ni malaria. Akamuuliza kama kuna dawa anameza nyumbani. Akasema hakuna.

Mulamwa, nimeishi na huyu mtu miaka arobaini na tisa na ninamjua akidanganya, anashika sikio. Alishika sikio.

Nimetafuta chini ya godoro na kwenye makoti, sijaona kitu. Kila asubuhi anatoka mapema hataki hata uji. Ikifika saa nne anakuwa mtu mwingine, anagombana na kuku, anafunga vifungo vya shati visivyolingana. Akila anarudi. Nilimwekea sukari kwenye chai akaimwaga, akasema nataka kumwua.

Wewe ni bakoki wake. Kitu ambacho hawezi kuniambia mimi lazima wewe unakijua. Kama kuna kitu anakula, niambie. Sitamgombeza.

Nakhungu


Bungoma
15 Aprili 2002

Joan mwanangu,

Nina swali, na usiulize limetoka wapi. Mtu ambaye hana ugonjwa wa sukari akimeza hizi tembe zangu, inakuwaje? Muulize yule muuguzi mnayesali naye. Nijibu upesi.

Baba yako


Webuye
18 Aprili 2002

Baba,

Nimemuuliza, na alinishika mkono akaniuliza nani amezimeza.

Anasema hizo tembe zinashusha sukari ya damu. Wewe sukari yako iko juu, kwa hivyo zikishusha unapata nafuu. Mtu asiye na ugonjwa yake iko sawa, na zikiishusha hiyo inakwisha. Anatokwa jasho, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anasikia njaa kali, halafu akili inapotea. Akiwa mzee, na hajala, na anafanya kazi ya nguvu, anaweza kulala na asiamke. Sukari au chai tamu inaweza kumwokoa ikiwa atapewa mapema, lakini lazima aache tembe kabisa.

Baba, ni nani? Ile pakiti iliyoangukia maji, iliangukia maji kweli?

Joan


Bungoma
22 Aprili 2002

Bakoki Lusweti,

Nimesikia kwa Nakhungu kwamba ulianguka. Pole sana.

Nakuandikia kwa haraka. Zile tembe acha. Nimeambiwa zile nilizokutumia mara ya mwisho zimeharibika, zilikaa kwenye jua. Zitupe chooni, usimeze hata moja. Na sasa rudia sukari, kunywa chai tamu, kula uji asubuhi kabla ya kutoka. Dawa ikishamaliza kazi yake mwili unahitaji sukari. Kutembea pia punguza.

Mwambie Nakhungu nimemsalimu, na kwamba akupe uji. Yeye sitamwandikia sasa, nina shughuli za Sally.

Nijibu uniambie umeacha.

Khisa


Kwanza
3 Mei 2002

Khisa,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikiwa nimekaa kwenye gogo, na kila mara imenuka.

Mwezi wa tatu uliniambia njaa niishinde. Mwezi wa nne unaniambia nile uji. Mwezi wa pili sukari ni adui wa dawa, mwezi wa nne mwili unaitaka. Ati tembe zimekaa kwenye jua. Za kwako mbona hazikukaa kwenye jua? Wewe bado unameza, si ndiyo? Niambie hapana.

Nimeelewa, bana. Umeona zimekuwa chache. Una mwanamke mpya na viatu vipya na unataka miaka ya kuvivaa. Bakoki wako akaonekana mzigo. Na umeshapatana na Nakhungu, maana alianza yeye kunibembeleza na chai ya sukari, ndipo barua yako ikafika na maneno yaleyale. Nyinyi wawili mnataka nilale. Mmoja apumzike kunigombeza, mwingine abaki na dawa.

Kuanguka ni malaria, daktari alisema. Siku nne nilipoacha kumeza kwa sababu ya sindano za malaria nilikuwa mtulivu, hakuna jasho, hakuna moyo kupiga, nimekaa tu kama mtu yeyote wa miaka sabini na mbili. Nikajua bila dawa mimi ni yule wa kupumzika mara nne kwenye kilima.

Kwa hivyo sikutupa. Nimezitoa kwenye kitambaa nikazificha mahali Nakhungu hafiki, na sasa nameza mbili, ya asubuhi na ya mchana, nifidie siku nilizopoteza. Ekari mbili za juu zimebaki na palizi imefika. Nitaimaliza, halafu nitakuja Bungoma kwa miguu yangu unitazame usoni ukiniambia tena habari ya jua.

Lusweti


Bungoma
8 Mei 2002

Lusweti, bakoki wangu,

Soma hii mpaka mwisho kabla ya kumeza kitu. Kama umeshameza, weka barua chini, mwite Nakhungu, kunywa chai yenye vijiko sita vya sukari, halafu uendelee kusoma.

Mimi ni mgonjwa. Nina ugonjwa wa sukari tangu mwaka juzi. Ile Krismasi uliyoniona nimekauka ndipo ugonjwa ulipokuwa unanila, nikiwa nimefunga suruali kwa kamba. Tembe unazomeza si za nguvu, hakuna dawa ya nguvu. Ni za ugonjwa huo. Zinashusha sukari katika damu. Kwangu zinashusha iliyozidi, ndiyo maana macho yakarudi na mwili ukarudi. Wewe hukuwa na iliyozidi. Kila asubuhi unapotoka bila kula unashusha ile inayokuweka hai. Jasho, mikono kutetemeka, moyo kupiga, kuongea na Masinde, yote hayo ni tembe zangu. Haikuwa malaria. Ile chupa ya kliniki nadhani ilikuwa maji yenye sukari, ndiyo maana uliamka.

Nilijua haya tangu Aprili. Joan aliniandikia wazi. Nami nikakaa na barua yake siku mbili, halafu nikakuandikia habari ya jua, kwa sababu niliona haya. Niliogopa utanicheka sokoni, na niliogopa kaka za Sally. Niliyapima hayo na uhai wako, nikachagua vibaya. Sina neno lingine la kuliweka hapo.

Ulidai fungu lako na ulikuwa na haki. Ningekuambia tu kilichokuwa mdomoni ni ugonjwa, usingelitaka.

Cheka unavyotaka. Imba sokoni. Lakini zitupe.

Khisa


Kwanza
15 Mei 2002

Mulamwa Khisa,

Barua yako ilifika jana, Jumanne. Lusweti alifariki Jumamosi.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu vijana wanalia na hawajui kueleza. Jumamosi alitoka asubuhi kwenda ekari za juu. Uji nilimwekea mlangoni, aliuruka. Saa sita mke wa kijana mkubwa alimpelekea maji, akamkuta amelala mstarini, jembe chini ya mkono, anakoroma. Alimwita kwa mbali kama desturi, hakujibu. Alisimama pale. Baba mkwe hashikwi. Akarudi mbio kuniita mimi, na mimi na mgongo huu nilichukua muda kupanda. Nilipofika alikuwa anapumua bado. Nilimpaka maji. Sukari hata sikuwaza, nani angewaza sukari. Walipoleta gari alikuwa amekwisha. Mkamwana huyo hajala tangu Jumamosi, anasema angemshika.

Watu wote wanasema ni kifo kizuri, mzee amefia kazini. Nami nilikuwa nasema hivyo mpaka jana.

Barua nimeisoma peke yangu. Vijana sijawaonyesha. Nilitaka kuitia motoni, halafu nikakumbuka jambo ambalo hulijui, na ndilo linanifanya nikuandikie badala ya kukulaani.

Ijumaa jioni Lusweti aliniita akanionyesha mkebe juu ya boriti ya zizi. Akasema hii ni dawa yangu na Khisa, nikitangulia wape bakoki wangu, usiitupe. Jumapili Wanjala na Sifuna walipokuja kulia, nilifanya alivyosema. Zilikuwa kumi. Niliwagawia tano tano kwa mkono wangu mwenyewe. Walizipokea kwa heshima, Sifuna alilia. Wanjala alisema hataanza kitu kipya katikati ya msiba, ataanza baada ya kuzika. Sifuna hakusema ataanza lini.

Jana nikatuma mtu awaambie wasimeze. Wanjala akarudisha jibu kwamba fungu la bakoki halidaiwi na mwanamke. Nyumbani kwa Sifuna mjumbe hakumkuta, ati ameenda kutembea, siku hizi anatembea asubuhi.

Tunazika Jumamosi hii. Wewe ndiye wa kusimama kumsemea, hakuna mwingine. Njoo usimame, useme yote uliyomwandikia, mbele ya hao wawili na mbele ya watu. Wakisikia kwa mdomo wako wataamini. Usipokuja nitaisoma barua yako mimi, na wasiponiamini, hao nao ni wako.

Hii nimempa Chemutai jirani yetu, anakuja huko leo na anarudi kesho. Mpe jibu.

Nakhungu


Bungoma
Alhamisi, 16 Mei 2002

Mulamwa,

Chemutai amesimama mlangoni anangoja, kwa hivyo ni maneno machache.

Nimemwambia Sally asubuhi hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikapu chake akaondoka. Joan nimempigia simu ya posta, anakuja na yule muuguzi.

Sitangoja Jumamosi. Ninatoka sasa hivi niende kwa Sifuna kabla sijafika kwako. Nikimkuta nitamwambia mwenyewe. Nisipomkuta, au nikikuta watu wamejaa uani kwake, utasikia kabla ya barua nyingine.

Chemutai akifika, mtume kwa Wanjala leo hii, asiseme ametumwa na wewe. Aseme ametumwa na bakoki wake. Aseme Khisa ni mgonjwa wa sukari, amekuwa akiwaficha, na tembe kama hizo tano ndizo zilizomwua Lusweti. Aseme hivyohivyo, na watu wakiwapo aseme kwa sauti.

Khisa